Msaidizi wa kliniki Lamu: mwongozo kamili, kutoka mizani ya asubuhi hadi boti ya rufaa

Mwongozo huu ni wa mtu aliyemaliza cheti cha usaidizi wa afya na ameitwa kuanza kazi katika kliniki ya wagonjwa wa nje. Ni wa yule pia ambaye tayari amekalishwa kwenye meza ya vipimo na hakuna aliyemwonyesha kazi yenyewe. Ninazungumzia kliniki ndogo za Mkomani na Langoni, mitaa ya mji wa Lamu: vyumba vitatu au vinne, afisa wa kliniki mmoja, muuguzi mmoja au wawili, mtu wa maabara, dirisha la dawa, na wewe. Mgonjwa halazwi hapo. Huja, huonwa, huondoka, na kama umempima vibaya huondoka na kosa lako.

Msimamo wangu ni kwamba nambari mbovu kwenye kadi ina madhara kuliko nafasi tupu. Afisa wa kliniki akikuta nafasi tupu atapima mwenyewe. Akikuta presha ya 168/102 ataamini na kuandika dawa ya kumezwa kila siku.

Jua mpaka wako kabla ya kuvaa glavu

Marekani msaidizi wa aina hii mara nyingi hufanya mtihani wa kitaifa, akapewa cheti, na sheria ya jimbo lake ikaamua kama anaweza kuchoma sindano kwa amri ya daktari. Kenya kinachoamua ni leseni. Afisa wa kliniki ana baraza lake, muuguzi ana Baraza la Wauguzi, mtu wa maabara na mtu wa dawa nao wana bodi zao. Usipokuwa na leseni hizo hutambui ugonjwa, huandiki dawa, hubadilishi dozi, wala humfasirii mgonjwa majibu ya maabara. Unapima, unaandika, unaandaa, unasaidia, na unapiga kelele pale hali inapokuwa mbaya. Sindano na dripu ni za muuguzi, hata siku ambayo foleni imefika barabarani na muuguzi amechoka.

Ugumu wake kwetu ni kwamba mtaani utaitwa daktari tangu wiki ya kwanza. Utapita kichochoroni jioni na shangazi atakusimamisha, afungue mtandio akutolee karatasi ya vidonge: "Hivi nimeze kimoja au viwili?" Jibu liwe na heshima na lisiwe na dozi: "Shangazi, njoo navyo asubuhi nikupime presha, daktari aviangalie." Atanung'unika kidogo, na atakuja.

Kabla ya mlango kufunguliwa

Fika nusu saa mapema. Anza na jokofu la chanjo kama kliniki inalo: joto liwe kati ya nyuzi 2 na 8, liandikwe asubuhi na jioni. Stima ikiwa imepotea usiku, usifungue jokofu kuchungulia. Soma kipimajoto cha nje na umwite muuguzi.

Changanya maji ya klorini ya kila siku. Ya kusafishia vyombo na damu iliyomwagika ni asilimia 0.5. Soma nguvu iliyoandikwa kwenye chupa, igawe kwa 0.5, kisha toa 1. Hizo ndizo sehemu za maji kwa kila sehemu moja ya dawa. Chupa ya asilimia 3.5 inakupa kikombe 1 cha dawa kwa vikombe 6 vya maji. Ya jana imwage, nguvu yake imepungua.

Mizani ya watu wazima na ya watoto isome sufuri bila kitu juu. Halafu weka kitu unachojua uzito wake. Jiwe la kilo 5 la muuza duka linatosha. Usiruke hatua hii. Hewa ya bahari hula springi za mizani taratibu, na mizani iliyopotea kilo moja haikuambii.

Hewa hiyohiyo huharibu vijiti vya sukari. Mkebe wake ufunikwe mara tu unapotoa kijiti, usiwekwe dirishani, na tarehe ya mwisho itazamwe. Kama mashine ya sukari ina maji ya majaribio, yatumie kabla ya mgonjwa wa kwanza. Betri za mashine ya presha na za oksimita, kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu, ziwe na akiba. Hakikisha mtungi wa oksijeni una hewa na ufunguo wake upo pale pale ulipo mtungi, si kwenye droo ya mtu aliyeenda likizo.

Foleni huipangi kwa saa ya kufika peke yake

Watu wetu hupanga foleni vizuri kwa kuulizana nani wa mwisho. Hilo waachie wao. Kazi yako ni kupita kwenye benchi kila baada ya dakika chache na kutazama nyuso.

Mtoto chini ya miaka mitano anaingia moja kwa moja akiwa na lolote kati ya haya: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege katika ugonjwa huu, au amelegea na haamki vizuri. Usimalize kwanza kadi. Mbebe, gonga mlango wa afisa wa kliniki, ingia. Kwa mtu mzima, tafuta kifua kinachobana, upande mmoja wa mwili au wa uso uliolegea ghafla, usemi uliopotea, pumzi inayohangaikiwa, damu isiyokatika, mjamzito mwenye damu au kichwa kikali na macho ya kiwi. Mzee aliyekaa kimya kupita kiasi mguse mkono. Ukiwa baridi na wenye jasho, huyo hajakaa kimya kwa adabu.

Hapa desturi na kazi hugongana, maana mkubwa ndiye hupishwa. Usimruke mzee kimyakimya. Mwinamie umwambie: "Mzee, niwie radhi, mtoto huyu hali yake si nzuri, naomba atangulie." Sijaona mzee aliyekataa akielezwa hivyo. Niliowaona wakikasirika ni wale walioona mtu anapitishwa bila neno.

Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku au mwili unaokonda, mpe barakoa na umkalishe karibu na dirisha, mbali na watoto, na umwambie afisa wa kliniki mapema. Mfanyie hivyo bila kumtangaza. Benchi lina masikio, na Lamu kila mtu ni jirani au jamaa ya mtu.

Hakikisha ni nani huyu

Mohamed Ali wako wangapi mjini? Usiulize "Wewe ni Mohamed Ali?" kwa sababu mzee mwenye masikio mazito ataitikia tu. Uliza "Jina lako kamili ni nani?" na umwache aseme yote matatu. Ongeza mwaka wa kuzaliwa, mtaa na nambari ya simu. Linganisha na kadi kabla ya kuandika chochote, na urudie kuuliza kabla ya kutoa damu. Mtoto mtafute kwa jina la mama na kitabu cha mama na mtoto. Kitabu kikiachwa nyumbani, chanjo huandikwa kwenye rejista ya kliniki na mama huambiwa akilete, asiambiwe tu "siku nyingine".

Wa chini ya miaka mitano huandikwa katika rejista ya Wizara ya Afya ya MOH 204A, wa miaka mitano na zaidi katika MOH 204B. Kwenye bima, SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya taifa, Oktoba 2024, na bado wapo wanaofika na kadi ya zamani wakidhani inafanya kazi. Wasaidie kujisajili kwa *147# wakiwa wanasubiri. Na ujifunze kulifanya haraka, maana kuna siku litachukua muda kuliko vipimo.

Presha: hapa usiharakishe

Ukiambiwa uchague kipimo kimoja cha kukijua barabara, chagua hiki. Ndicho hupimwa mara nyingi, na ndicho hupimwa vibaya mara nyingi, na dawa yake mtu huimeza miaka.

Anza kwa maswali. Amekunywa kahawa? Wazee wengi hupitia barazani kwanza, wakapiga vikombe viwili vitatu vya kahawa chungu, ndipo wakaja. Kahawa, sigara, miraa, au kupanda ngazi na ndoo ndani ya dakika 30 zilizopita, zote hupandisha. Mwache apumzike na umpishe mwingine. Haja ndogo je? Kibofu kilichojaa nacho hupandisha, na watu huona haya kusema.

1. Mkalishe kwenye kiti chenye egemeo, mgongo ukiegemea, nyayo zote chini, miguu haijapishanishwa. Benchi la ukutani lisilo na egemeo halifai.
2. Mwache kimya dakika 5. Kimya ni pamoja na wewe.
3. Mkono ulazwe mezani, kafu, yaani kile kitambaa kinachofungwa mkononi na kujazwa hewa, iwe usawa wa moyo. Mkono unaoning'inia huongeza nambari.
4. Mkono uwe wazi. Kupima juu ya buibui si kupima, na kuvuta mkono wa nguo ukabana juu ya kiwiko ni vibaya vilevile. Kwa hiyo pazia si pambo, ni kifaa cha kazi. Mwanamke apimwe na mwanamke ikiwezekana.
5. Chagua kafu. Mfuko wa hewa ulio ndani uzunguke takriban asilimia 80 ya mkono. Kafu ndogo kwenye mkono mnene itasoma juu kuliko ukweli, kubwa kwenye mkono mwembamba itasoma chini. Ukingo wake wa chini uwe sentimita 2 au 3 juu ya kunjo la kiwiko.
6. Pima, subiri dakika moja, pima tena. Mgonjwa mpya mpime mikono yote miwili, na siku zijazo utumie ule uliosoma juu.

Andika ulichokiona. Kadi ya mchana mzima iliyojaa 120/80 na 130/80 inaniambia kwamba mtu alikuwa akikadiria.

Mazungumzo yenyewe ni mafupi:

"As-salaam aleikum, bibi."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Kichwa chanigonga tangu jana. Na dawa zangu za presha ziliisha."

"Ziliisha lini, bibi?"

"Kabla ya Ijumaa ile."

"Utaniwia radhi, nitavuta pazia utoe mkono wa buibui. Halafu tutakaa kimya dakika tano, usiniulize hata habari za mama."

Maneno machache hayo yamekupa malalamiko, tangu lini, na sababu inayowezekana. Andika kwenye kadi jinsi alivyosema: "kichwa kinagonga tangu jana, dawa za presha zimeisha kabla ya Ijumaa iliyopita." Usiandike "presha imepanda" kabla hujapima, na hata ukishapima, hitimisho si lako.

Mpaka wa kumwambia afisa wa kliniki ni 140/90 na zaidi. Vipimo vya siku tofauti ndivyo humfanya mtu aitwe mwenye presha. Kipimo kimoja mara nyingi hakitoshi. Ikiwa 180/120 au zaidi, hasa pamoja na kichwa kikali, kifua, pumzi au macho yenye giza, huyo hatoki kitini, mwite afisa aje. Mjamzito akifika 140/90 asirudi kwenye foleni. Nambari ya juu ikiwa chini ya 90 na mtu anatoka jasho au amelegea, hiyo nayo ni dharura. Na kwa vyovyote usipaze sauti, "Lo, presha yako hii!" Utaipandisha zaidi, na benchi zima litajua.

Pumzi, mpigo, joto na oksijeni

Pumzi za mtoto zihesabu dakika nzima, akiwa ametulia kifuani kwa mama, nguo imepandishwa uone kifua. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, maana watoto hupumua kwa vipindi. Pumzi za haraka ni 60 na zaidi chini ya miezi miwili, 50 na zaidi kutoka miezi 2 hadi 11, 40 na zaidi kutoka miezi 12 hadi 59. Punda akilia nje ukapotewa na hesabu, anza upya. Mtu mzima aliyepumzika hupumua mara 12 hadi 20, na moyo wake hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika.

Kwapa likauke jasho kwanza kabla ya kuweka kipimajoto. Kwa mtoto, nyuzi 37.5 na zaidi kwapani ni homa.

Oksimita ina adui mmoja ambaye vitabu vya bara havimtaji sana, nayo ni piko, rangi nyeusi ya nakshi za mikono. Hina nyekundu kwa kawaida haileti shida kubwa, lakini nakshi nyeusi kwenye ncha za vidole, na rangi nzito ya kucha, zinaweza kuzuia mwanga ukasoma chini ya ukweli au usisome kabisa. Wiki ya harusi utakutana na vidole vyote kumi hivyo. Tafuta kidole cha mguu kisicho na nakshi, au ukigeuze kifaa kikae ubavuni mwa kidole. Mkono baridi usugue kwanza. Mtu mzima mwenye afya husoma 95 na zaidi. Chini ya 90 mwite mtu papo hapo, na utazame mgonjwa mwenyewe, si kioo tu.

Uzito wa mtoto ni dozi

Wengi hudhani uzito ni wa kujaza nafasi. Tazama dawa ya malaria ya AL (artemether-lumefantrine): kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge 1 kwa kila dozi, kilo 15 hadi chini ya 25 vidonge 2, kilo 25 hadi chini ya 35 vidonge 3, kilo 35 na zaidi vidonge 4, mara sita kwa siku tatu. Mtoto wa kilo 14 na nusu aliyepimwa na viatu, sweta na nepi iliyolowa anaweza kuvuka mpaka na dozi ikawa maradufu. Vua vyote. Mtoto akilia na kurukaruka, mpime mama peke yake, kisha mama na mtoto, ukatoe. Andika pamoja na pointi.

Mtoto wa miezi 6 hadi 59 mpime pia mzunguko wa mkono kwa utepe. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kutoka 11.5 hadi chini ya 12.5 ni wa kadiri. Mama asisikie neno hilo kwa mara ya kwanza kutoka kwako mbele ya wanawake wengine.

Sukari na malaria: tone moja la damu

Mgonjwa anawe mikono kwa sabuni na maji, akauke. Spiriti peke yake haitoshi kama amekula embe au halua njiani; sukari iliyobaki kidoleni itaingia kwenye tone na mashine itakupa nambari ya kutisha. Choma ubavuni mwa kidole, pale ambapo hapaumi sana, futa tone la kwanza, tumia la pili. Uliza amekula lini na uandike saa. Aliyekaa bila kula tangu usiku akisoma 7.0 (mmol/L) na zaidi, au aliyekula akisoma 11.1 na zaidi, afisa aambiwe. Chini ya 3.9 ni sukari iliyoshuka: mtu anatetemeka, anatoka jasho, anaongea ovyo. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, mwite afisa huku chai yenye sukari ikiwa njiani.

Kipimo cha haraka cha malaria kwa kawaida ni cha maabara, nawe utaandaa. Kosa la kawaida ni saa. Kila aina ina dakika zake, 15 au 20, zimeandikwa kwenye karatasi yake. Kisomwe wakati huo, si kabla, wala si baada ya kusahauliwa mezani saa nzima. Muulize mgonjwa kama alitibiwa malaria wiki chache zilizopita, kwa sababu aina nyingi za vipimo hivi huendelea kuonyesha mstari kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Swali hilo dogo humwokoa mtu na dozi isiyo na kazi.

Kabla hajaingia kwa afisa

Uliza dawa anazotumia, na umwombe atoe mfuko. Karibu kila mama wa makamo ana mfuko. Uliza na za nyumbani: habasoda, majani, kombe (maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini) alilokunywa. Uliza kwa sauti ileile uliyoulizia vidonge. Ukionyesha dharau kidogo tu hatakuambia tena, na huenda lile jani ndilo sababu ya tumbo lake. Uliza dawa iliyowahi kumdhuru, na kwa mwanamke, hedhi ya mwisho ilianza lini.

Afisa mwanamume akimkagua mwanamke, uwepo chumbani kama wewe ni mwanamke. Simama kichwani pa kitanda, mtazame mgonjwa usoni. Yaliyoonekana humo yanabaki humo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, lakini hata bila sheria unajua jinsi habari inavyotembea kutoka ufuoni hadi Langoni kabla ya adhuhuri. Kadi zisilale mezani zikiwa zimefunuliwa, na picha ya rejista isiingie kwenye simu yako.

Ramadhani

Mwezi huu una utaratibu wake. Asubuhi kliniki huwa kimya, baada ya tarawehe watu hujaa, kama kliniki hufungua usiku. Wenye presha na sukari wengi hupanga dawa wenyewe: ya asubuhi wanaiacha, au wanameza zote wakati wa kufuturu. Usihukumu. Uliza "Dawa unazimeza saa ngapi mwezi huu?" na uandike jibu lilivyo. Kazi nzuri ni kuanza mapema: tangu Shaaban, kila mwenye sukari anayefika mwambie azungumze na afisa kuhusu kufunga.

Wapo wanaokataa kuchomwa kidole mchana wakihofia saumu. Maulamaa wengi wanasema tone hilo halibatilishi. Ukiona bado ana wasiwasi, mwelekeze kwa imamu wake badala ya kubishana. Sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, miongozo ya kisukari inasema afungue, na atakayemwambia hivyo ni afisa wa kliniki. Wewe uhakikishe afisa amejua dakika hiyo.

Yanayoletwa na bahari na vichochoro

Mvuvi aliyechomwa na mwiba wa samaki taa huja akiuma meno. Mguu wake hutumbukizwa kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kustahimili, kama nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Yeye mwenyewe ayajaribu kwanza kwa mguu ambao haukuchomwa, kwa sababu ule uliochomwa hautamwambia ukweli. Weka birika jikoni, na mwambie afisa. Kipande cha mwiba huenda kimo ndani.

Paka wetu ni wengi na watoto huwashika. Jeraha la kung'atwa au kukwaruzwa, la paka, mbwa au punda, lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, mara tu anapofika, kabla hata ya kadi. Kichaa cha mbwa kikishaanza hakina tiba, na kuosha ni sehemu ya kinga. Chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda afisa ataamua. Dakika 15 ni ndefu. Mpe mama saa aangalie.

Sindano na taka

Sindano iliyotumika haifunikwi tena. Huenda moja kwa moja kwenye boksi lake la manjano, na boksi hufungwa likifika robo tatu. Pipa jeusi ni la taka za kawaida, la manjano ni la zenye maambukizi, jekundu ni la zile za hatari zaidi kama vipande vya mwili. Karatasi ya biskuti kwenye pipa la manjano ni gharama ya bure ya kuchoma, na pamba yenye damu kwenye jeusi ni hatari kwa anayezoa taka.

Ukijichoma, osha kwa sabuni na maji, usikamue, na uripoti papo hapo. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI huanza haraka, ndani ya saa 2 ikiwezekana na kabla ya saa 72, nazo humezwa siku 28. Kuona haya kusema ndiko hupoteza saa hizo. Na kabla ya yote, hakikisha umekamilisha chanjo tatu za homa ya ini ya B kabla ya kuizoea kazi.

Rufaa, na saa za maji

Anayehitaji zaidi ya kliniki hupelekwa hospitali ya kaunti ya King Fahad papa hapa mjini, na anayehitaji zaidi ya hapo huvuka kwenda Mokowe, upande wa bara, au uwanja wa ndege wa kisiwa cha Manda. Barua ya rufaa huandikwa na afisa. Wewe hakikisha ina vipimo vya mwisho na saa yake, dawa iliyotolewa na saa yake, na nambari ya simu ya jamaa. Piga simu wanakompokea kabla hajaondoka. Mtafute mtu wa kumsindikiza, mpatie mfuko wake wa dawa na kitambulisho. Machela kwenye kichochoro chembamba inahitaji watu wanne wanaojua kona. Waulize vijana wa barazani, huwa hawakatai.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni kutoka bara hulijua kwa kuchelewa. Mgonjwa wa Faza, Siyu au Kizingitini, katika kisiwa cha Pate, anarudi kwa boti, na boti inapita mlango-bahari wa Mkanda maji yakiwa yamejaa. Akikwambia boti inaondoka saa saba, damu yake iwe ya kwanza kwenda maabara, si kwa upendeleo bali kwa sababu akikosa maji hayo atalala mjini kwa gharama yake au ataondoka bila majibu. Waulize asubuhi, kwenye benchi: "Nani anarudi Pate leo, na boti saa ngapi?" Andika saa hiyo pembeni mwa kadi. Vilevile usimpe tarehe ya kurudi kesho kutwa kana kwamba anakaa Mkomani. Ongea na afisa, na miadi ya presha, chanjo ya mtoto na majibu viunganishwe siku moja.

Kufunga siku

Ijumaa kliniki hupungua kuelekea adhuhuri. Ndio wakati wa kuhesabu akiba na kusafisha kafu. Siku nyingine, saa ya mwisho ni ya orodha. Nani majibu yake yametoka baada ya kuondoka? Nani aliambiwa arudi leo na hakuonekana? Nani presha yake ilikuwa 180 asubuhi? Afisa apitie majina hayo na aseme nani apigiwe. Ukipiga, hakikisha unaongea na mwenyewe, na kama simu imepokewa na mwanawe sema tu kwamba kliniki inaomba apite, bila sababu.

Jumlisha rejista kila jioni. Ripoti ya mwisho wa mwezi ya MOH 705 hutengenezwa kutokana nazo, na siku zilizorukwa hazikumbukiki tarehe 30. Soma joto la jokofu mara ya pili, chomoa mashine za kuchomolewa, funga mkebe wa vijiti. Orodha ya ambao hawakupatikana kwa simu ibandike ndani ya jalada la rejista, ili wa zamu ya kesho aanze nayo kabla hajafungua dirisha.